Vipimo Viwili kwa Mashine Moja

Mwaka 1905 treni ya mvuke ilianza kwenda na kurudi kati ya Ngome Kongwe, mjini Unguja, na Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Reli ile ilijengwa na kampuni ya Arnold, Cheney ya New York, na mitambo yake ikaletwa kwa meli, kama zinavyoletwa leo jenereta, winchi, mashine za barafu na boti za abiria. Njia ilipita Darajani karibu mno na milango ya watu, na cheche za injini zilikuwa kero kwa nyumba na mashamba yaliyopakana na reli. Serikali iliinunua mwaka 1911, na mwaka 1922 treni ikaacha kubeba abiria. Historia hiyo husimuliwa kama kichekesho cha zamani, habari ya treni iliyoshindwa na motokaa. Lakini ndani yake mna swali ambalo halijazeeka. Mtu anayetengeneza au kuuza mashine yenye moto, mvuke au meno ya chuma, akaipakia melini kwenda nchi asiyoijua, anadaiwa nini na wale watakaoishi kando yake? Deni lake la usalama linakwisha pale forodha ya kwao inapogonga muhuri, au linavuka bahari pamoja na mashine? Ninashikilia kwamba linavuka, na kwamba anayelikata bandarini anatenda kosa ambalo dini ya watu wa visiwa hivi imelitaja kwa jina tangu zamani.

Sheria za leo zimejibu vingine, tena bila kificho. Mashine inayouzwa ndani ya Umoja wa Ulaya lazima iwe na alama ya CE. Maagizo ya Mashine namba 2006/42 yanamtaka mtengenezaji apime hatari za mashine yake, azikinge sehemu zinazozunguka, aandike maelekezo kwa lugha anayoielewa mtumiaji, atunze jalada la kiufundi, na atie saini tamko kwamba ametimiza yote hayo. Kanuni mpya namba 2023/1230 itachukua nafasi yake Januari 2027, na imeongeza mambo ya programu za kompyuta na mashine zinazojiendesha. Lakini masharti yote hayo ni ya mashine inayoingia katika soko la Ulaya. Ikitoka kiwandani moja kwa moja kuja Mombasa au bandari yetu ya Malindi, Unguja, sheria hiyo haiidai alama yoyote. Marekani nayo, katika sheria yake ya usalama wa bidhaa za walaji, imeacha mlango ambao kwa huo kitu kilichokatazwa kuuzwa nyumbani kinaweza, kwa masharti ya kutoa taarifa, kuuzwa ng'ambo. Tarehe 15 Januari 1981, akiwa amebakiza siku chache madarakani, Rais Jimmy Carter alitia saini amri ya kuubana mlango huo. Tarehe 17 Februari mwaka huohuo Ronald Reagan akaifuta. Amri hiyo iliishi siku thelathini na tatu. Na mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalivushwa kutoka nchi moja kwenda nyingine duniani, sehemu kubwa kuliko zote ikaja Afrika, na mengi yalikuwa chini ya kiwango cha usalama ambacho nchi yalikotoka zisingekikubali barabarani kwao.

Anayeutetea mpangilio huu si lazima awe mtu mbaya. Atasema kwamba mlinzi wa nyumba ni mwenye nyumba. Tanzania ina Shirika la Viwango tangu 1975, Zanzibar ina taasisi yake ya viwango kwa sheria ya mwaka 2011, na hizo ndizo zenye haki ya kuamua mashine gani iingie na gani irudishwe. Mzungu au Mjapani akianza kutuamulia kipi kinatufaa, tutakuwa tumerudi zama ambazo mambo ya Unguja yaliamuliwa London. Isitoshe kila nchi na mazingira yake: mashine iliyotengenezwa kuhimili theluji haina kazi Bububu, na kumlazimisha mkulima alipie kinga asiyoihitaji ni kumdhulumu. Hoja hii ina uzito, na nusu yake naikubali kabisa. Mamlaka ya kulazimisha yana mpaka, na yafaa yawe nao. Afisa wa Brussels hana kazi Darajani. Nisichokubali ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba wajibu nao una mpaka uleule. Hakimu wa Mwanakwerekwe hawezi kumhukumu mwizi aliyeiba Muscat, lakini hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba kwa sababu hiyo wizi wa Muscat ni halali kwa mtu wa Mwanakwerekwe.

Wanazuoni wa fiqhi waliujadili mpaka huu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na mjadala wao una makali kuliko mingi ya siku hizi. Suala lilikuwa Mwislamu aliyeingia kwa amani katika nchi isiyo chini ya hukumu za Kiislamu: je, anaweza kufanya huko, kwa ridhaa ya wenyeji, mikataba iliyo haramu katika dini yake? Imam Abu Hanifa aliona baadhi yake yawezekana, kwa kuwa hukumu za nchi moja hazitawali nchi nyingine. Imam Shafi, na pamoja naye Abu Yusuf aliyekuwa mwanafunzi wa Abu Hanifa mwenyewe, wakakataa: haramu haigeuki halali kwa kubadilisha ardhi, kwa sababu anayewajibika ni mtu, na mtu huenda na wajibu wake popote aendapo. Katika Kitab al-Umm, Shafi anasisitiza kwamba aliyepewa amani na watu, hata wakiwa maadui, haimpasi kuwahini katika mali yao. Tumtendee haki Abu Hanifa pia: hata yeye hakuruhusu hiana. Alichoruhusu ni mkataba ambao upande wa pili unaujua na kuuridhia. Kwa hiyo ukiziweka rai zote mbili mbele ya mfanyabiashara wa mashine, ile iliyolegea kuliko zote bado inamtaka asifiche. Wengi wa watu wa Unguja wanafuata madhehebu ya Shafi, na ile rai kali ndiyo waliyoisoma chuoni.

Kosa lenyewe limetajwa katika sura ya 83 ya Qur'ani, ambayo inaanza kwa onyo kwa wapunjaji. Aghalabu hutajwa dhidi ya muuza mchele mwenye jiwe lililopungua, na huishia hapo. Lakini sifa ambayo sura inawapa watu hao ni mahususi zaidi: wakipokea kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia wengine hupunguza. Uovu wao, kwa hiyo, hauko tu katika uchache wa kipimo. Uko katika kuwa na vipimo viwili. Mtengenezaji anayetumia kiwango kimoja hafifu kwa wateja wote, pamoja na watoto wake, ni mzembe au mjinga, na mjinga hufundishwa. Anayefunga kinga ya mkanda kwenye mashine za kwao kisha akaiondoa kwenye mashine za ng'ambo hana nafasi ya kudai ujinga, kwa sababu mashine za kwao zinatoa ushahidi kwamba alijua. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Hapo nitaulizwa: je, bei? Mashine isiyo na kinga ni nafuu zaidi, na mnunuzi wa Unguja ametaka nafuu. Huenda basi si kipimo kilichopungua bali ni bidhaa nyingine kabisa, kama mchele wa daraja la pili. Mfano huo unafaa, na unaonyesha mpaka wenyewe ulipo. Muuzaji anaweza kupunguza rangi, mapambo, kiti cha sponji, kasi, hata umri wa mashine, na kila upungufu ukawa na bei yake kwa haki. Hawezi kukiingiza katika hesabu hiyo kile ambacho kikikosekana, mkono wa mtu unakatika. Upungufu wa aina ya kwanza anaubeba mnunuzi katika starehe yake na mfuko wake. Wa pili unabebwa na kijana wa miaka kumi na tisa aliyeajiriwa kusaga, ambaye hakuwapo bei ilipokatwa na wala hakurudishiwa senti ya ile nafuu.

Njia nyingine ya kujitoa ni ile inayotumika minadani: kuuza kitu kama kilivyo, mahali kilipo, bila dhamana. Mnunuzi anatia saini kwamba amekikubali na kasoro zake zote, zinazojulikana na zisizojulikana, na muuzaji anaosha mikono. Sehemu kubwa ya magari na mitambo iliyotumika inayokuja Afrika Mashariki huuzwa kwa sharti la namna hii. Fiqhi inalijua sharti hilo, na katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kilichosomeshwa vizazi kwa vizazi katika pwani hii, hukumu yake ni ya kushangaza kwa jinsi ilivyo nyembamba. Muuzaji aliyejitoa katika kasoro zote hatoki nazo zote. Anatoka tu katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Kasoro aliyoijua haimtoki. Kasoro ya dhahiri haimtoki. Na kitu kisicho mnyama, nguo kwa mfano, hapati kujitoa kwacho hata kidogo. Sababu waliyoitoa ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, hali yake inabadilika siku hadi siku, na ni nadra kukosa ugonjwa uliojificha ambao hata mchungaji hodari haujui. Nguo haina siri hiyo. Ukiigeuza, utaiona.

Sasa mashine tuiweke wapi? Swali hili Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, hakulazimika kulijibu, lakini sisi hatuna budi. Kwa juu juu mashine inafanana na mnyama. Boila lenye ufa hufanya kazi asubuhi na kupasuka adhuhuri. Chuma kilichochoka hakina dalili mpaka kivunjike. Injini ya boti hunguruma vizuri huku ubavu wa boti umeliwa na kutu chini ya rangi mpya. Anayetaka kumtetea muuzaji atashika hapo: kasoro ilikuwa ndani, hakuijua, ametoka. Mimi naona mfanano huo unavunjika mahali muhimu kuliko pote. Kasoro ya mnyama haikujulikana kwa sababu haikuwezekana kujulikana. Mashine ina jalada. Kuna aliyeichora, aliyeipima kwa shinikizo la maji, aliyeandika saa ilizofanya kazi na mwaka iliobadilishwa vali. Ufa wa ndani unaonekana kwa mawimbi ya sauti, na unene wa bamba la meli hupimwa bila kulitoboa. Ukaguzi na upimaji umeitoa mashine katika hukumu ya mnyama na kuitia katika hukumu ya nguo, kwani sasa inageuzika. Anayesema hakujua, huku kifaa cha kumjulisha kipo na hakukitumia, amechagua kutojua, na kutojua kwa kuchagua si ule udhuru ambao wanazuoni waliuhurumia. Thomas Aquinas, aliyeishi karne ileile ya Nawawi upande wa pili wa Bahari ya Kati, alifikia jirani na hapo kwa njia yake: kasoro iliyofichika yenye kuleta hatari au hasara ni lazima muuzaji aitaje.

Ndiyo maana nakiona cheti cha usalama kuwa jambo la kidini kuliko kinavyoonekana katika faili. Wengi hudhani alama ya CE ni hati iliyotolewa na serikali fulani baada ya kukagua. Kwa mashine nyingi sivyo. Ni neno la mtengenezaji mwenyewe, na ni aina chache tu zenye hatari kubwa zinazohitaji mkaguzi wa nje. Watu hucheka wakisikia hivyo: yaani mpishi ndiye anayeusifu mchuzi wake? Kicheko hicho kinasahau kwamba tamko lile halikukusudiwa kuwa sifa. Ni ikirari, kwamba mashine hii ikimuumiza mtu kwa kukosa nilichosema inacho, nidaini mimi, jina langu na anwani yangu ni hizi. Mashine isiyo na tamko imekosa kitu zaidi ya stika, kwa kuwa hakuna aliyesimama kusema kwamba yeye ndiye wa kudaiwa.

Boti ya MV Skagit inaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Ilijengwa Louisiana mwaka 1989 na ikafanya kazi ya abiria katika Puget Sound, jimbo la Washington, maji ya ndani yaliyozungukwa na visiwa na nchi kavu. Jimbo liliiondoa kazini, na mwaka 2011 ikauzwa pamoja na mwenzake, Kalama. Ikaletwa kwetu ikawekwa katika njia ya Dar es Salaam na Unguja, mkondo ulio wazi kwa bahari kuu. Tarehe 18 Julai 2012, kusi likivuma, ilizama karibu na Chumbe, na watu wengi wakafa, baadhi yao wasionekane tena. Haikuwa imetimia hata mwaka mmoja tangu MV Spice Islander I, meli iliyojengwa Ugiriki mwaka 1967, izame karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa na watu zaidi ya elfu mbili ilhali idhini yake haikuzidi sana mia sita. Ilikuwa siku chache baada ya Idi. Vyombo vyote viwili vilikuwa mashine zilizovushwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, na vyote viwili vilikuwa na karatasi.

Wapo watakaosema kwamba Skagit yanivunjia hoja. Jimbo la Washington halikuficha chochote: kwamba boti ile ilijengwa kwa maji yaliyokingwa ni jambo lililo wazi. Mnunuzi alikuwa mtu mzima, alijua au aliweza kujua, akanunua. Wenye mamlaka huku waliisajili. Kosa la muuzaji liko wapi? Sidai kwamba kosa kubwa lilikuwa la muuzaji wa kwanza. Waliopakia na kuruhusu safari wana lao, na ni zito zaidi. Ninachodai ni kwamba ridhaa ya mnunuzi haitoshi kuufunga mlango wa swali. Ridhaa huhalalisha madhara yanayomshukia anayeridhia. Mwenye kununua boti hakai daraja la chini. Wale waliokaa huko, akina mama waliokuwa wakirudi nyumbani na mizigo ya bara, hawakuulizwa juu ya umbo la boti wala bahari iliyochorewa. Palipo na mtu wa tatu ambaye hawezi kuulizwa, lazima awepo wa kuuliza kwa niaba yake, na huyo katika fiqhi ana cheo chake: muhtasibu. Al-Mawardi, faqihi wa Kishafi aliyefariki Baghdad mwaka 1058, alipoeleza kazi zake katika Al-Ahkam al-Sultaniyya alitaja bayana kwamba awazuie wenye vyombo kupakia kupita uwezo wa chombo hadi kuhofiwa kuzama, na awazuie kusafiri upepo unapozidi. Kupakia kupita kiasi, na upepo mkali. Miaka mia tisa na zaidi kabla ya Nungwi na Chumbe, maneno mawili hayo yalikuwa yamekwisha kuandikwa, tena na mtu wa madhehebu yetu.

Mtu mwingine atanikumbusha njaa ya mitambo. Tarehe 10 Desemba 2009 umeme ulikatika Unguja yote na haukurudi mpaka Machi 2010, baada ya hitilafu katika njia ya kuuleta kutoka bara. Mji ulijaa ngurumo za jenereta. Nani angesimama bandarini wakati ule akidai jalada la kiufundi, huku hospitali na visima vinangoja? Dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kanuni hiyo ni ya fiqhi vilevile. Naam, lakini kanuni hiyo haitembei peke yake. Mwenzake husema dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Dharura ya miezi mitatu haikuhalalisha biashara ya miaka kumi na tano. Aliyeingiza jenereta bila kinga Januari 2010 ana udhuru. Anayeiingiza leo na kuiuza kwa mtu atakayeiwasha ndani ya duka lililofungwa madirisha, bila hata karatasi ya onyo kwa Kiswahili juu ya gesi isiyo na harufu inayoua, ana soko tu. Na mara nyingi dharura anayoitaja muuzaji ni ya mnunuzi, wakati faida inayopatikana ni yake mwenyewe. Anayeokoa mtu kwa dharura hampandishii bei.

Pingamizi linaloniumiza kichwa kweli ni jingine, nalo linatoka kwa wadogo. Viwango vinaweza kuwa ukuta. Fundi wa Unguja anayetengeneza mashine ya kusaga mwani, au karakana ya bara iliyolelewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, tangu lianzishwe mwaka 1973, wakitaka kuuza nje watadaiwa vipimo vya maabara vinavyogharimu kuliko mashine zenyewe. Kwao usalama ni neno zuri linalotumiwa na matajiri kuwafungia milango, na katika biashara ya dunia mambo hayo hutokea kweli. Ndiyo sababu Shirika la Biashara la Dunia lina mkataba mzima, ulioanza 1995, wa kuzuia viwango visigeuzwe vikwazo vya hila. Jibu langu ni kutenganisha kipimo na ada yake. Kuthibitisha kwamba mashine haikati vidole ni wajibu. Kulipa mara tatu, katika nchi tatu, kwa uthibitisho uleule ni dhuluma ya ukiritimba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwisha kulikubali hilo kwa sheria ya mwaka 2006 ya viwango na upimaji, ambayo inataka alama ya ubora iliyotolewa na nchi mwanachama itambuliwe na wenzake. Ikitekelezwa kwa uaminifu, mtengenezaji mdogo anabaki na wajibu wake na anapunguziwa mzigo.

Na tusijitie usafi. Zanzibar inajua kutimiza kipimo kwa mgeni tajiri. Karafuu zetu zimepangwa kwa madaraja kabla ya kupakiwa tangu enzi za Sultani, ambapo mwaka 1934 ilitungwa amri ya kusimamia ubora wa mazao yanayosafirishwa, na hadi leo shirika la biashara la serikali, ZSTC, hupokea karafuu kwa daraja. Mnunuzi wa Singapore hapelekewi makonyo akaambiwa ni karafuu. Lakini chombo kikichakaa katika njia ya Dar es Salaam, kwa nini kinaonekana bado kinafaa kwa Pemba? Gari lisilofaa tena kwa mjini, kwa nini linauzwa shamba, likapakia watoto wa skuli? Jenereta iliyokataliwa na hoteli ya watalii huenda kwa nani? Huko nako kuna vipimo viwili, na hakuna forodha katikati ya kulaumiwa. Anayesimama kudai haki kwa Yokohama na Rotterdam, kisha akampimia Mpemba kwa jiwe jepesi, sura ya 83 inamsoma yeye kwanza.

Limebaki lile linalosemwa msibani, na ambalo kwa heshima ya wafiwa halijibiwi pale: ilikuwa imeandikwa, ajali haina kinga. Msibani ni neno la rehema na mahali pake ni pale. Likihamia katika ofisi ya msajili wa vyombo linakuwa kitu kingine. Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume alipopita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji chini. Mwenye lundo akajitetea kwamba ni mvua. Tuitazame vizuri hoja ya yule mfanyabiashara: alisema kweli. Mvua haikuwa kazi yake, ilikuwa ya Mungu. Wala hakujibiwa kwamba mvua haikunyesha. Aliulizwa kwa nini hakukiweka kilicholowa juu, watu wakione. Kadari ilileta maji. Kuyafunika kulikuwa kwa mkono wake, na ni kwa hilo alilaumiwa. Kutu ni kadari, kusi ni kadari, chuma kuchoka ni kadari. Rangi mpya juu ya kutu ni ya mtu.

Kwa hiyo naomba mambo mawili, yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini na taasisi ya viwango: cheti cha kila chombo cha abiria na kila mtambo wenye shinikizo au moto kibandikwe mahali panaposomeka, kwa Kiswahili, kikitaja chombo kilijengewa maji gani, mwaka gani, watu wangapi, na nani alikikagua mara ya mwisho, kwa jina. Kwa masheikh wanaosomesha mlango wa kasoro katika biashara: endeleeni na mfano wa ngamia na nguo, kisha semeni pia juu ya boila, jenereta na boti ya mtumba, kwa sababu wanafunzi wenu wengi ndio watakaokwenda Dubai na Japani kununua.